Ziara ya Chiriku

Mwaka ule Chiriku alizunguka misitu arobaini akiimba, na kila alikokwenda uwanja ulifurika, wengine wakasikiliza wakiwa juu ya miti. Alipofika msitu wa mwisho, sauti ikamkauka.

"Tutoroke," meneja wake Nguchiro akamnong'oneza. "Watadai viingilio vyao."

"Wametoka mbali. Acha nikawaombe radhi."

Chiriku akapanda jukwaani, akafungua mdomo, lakini hakikutoka kitu. Umati ukadhani anawaachia wao waimbe. Wakaimba wimbo wa kwanza, wakaimba nyimbo zote, wakarukaruka mpaka nyasi zikalala, naye akabaki kucheza tu kwa furaha.

Mwishowe Tembo akamfuata, sauti yake ikikwaruza. "Dada Chiriku," akasema, "nimekufuata misitu mitano. Hujawahi kuimba vizuri kama leo."