Kofia Kitandani kwa Kina Kessel

Kofia ilikuwa juu ya kitanda.

Bi Ardith Kessel aliiona kabla hajavuka kizingiti. Akamshika mkono Jolene, msichana anayewatembeza wageni.

"Nani ameiweka pale?"

"Sijui, Bi Ardith. Labda watu wa kamati ya makumbusho."

"Wamezaliwa Montana hii hii, halafu hawajui?"

Jolene alijua. Kila mtu katika nchi ile ya ng'ombe alijua: kofia ikilazwa kitandani, nyumba hiyo itazika mtu.

Na nyumba ilikuwa ya kina Kessel, hata kama siku hizi ni makumbusho yenye kamba mbele ya kila kitu. Bi Ardith alijifungulia kwenye kitanda kile. Kila mwaka, siku ya mashindano ya kupanda mafahali, alikuja kujificha humu ili asisikie kelele za uwanjani. Mwanawe Lyle alifia pale, chini ya kwato. Leo, kwa mara ya kwanza, mjukuu wake, Wade, ndiye alikuwa anapanda. Hakuwa na mwingine.

"Jana nilimsihi mpaka nikapiga magoti," alisema. "Akacheka."

"Hata asubuhi alipotuletea kuni za jiko alikuwa anapiga mluzi," Jolene alisema, akidhani anamfariji.

Bi Ardith alitazama picha ukutani: mkwewe, mumewe, mwanawe, kila mmoja juu ya fahali. "Wanaume wa nyumba hii hawajui kusema hapana."

"Ngoja niiondoe."

"Haisaidii, mwanangu. Imeshalala." Alipita chini ya kamba, akaketi kitandani, akaipakata ile kofia kama mtoto mgonjwa. "Mpigie. Mwambie siinuki hapa mpaka nimwone."

Jolene alipiga bila matumaini. Nani hushika simu zamu yake ikikaribia? Lakini ilipokelewa kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Nakuja," Wade alisema. Hakuuliza kuna nini.

Aliingia mbio, kichwa wazi, vumbi la uwanja likiwa bado kwenye viatu. Rafiki zake wawili walisimama mlangoni.

"Bibi! Jina langu ndilo lilikuwa linafuata! Mji mzima utanicheka!"

Mikono ilimtetemeka. Jolene alidhani ni hasira.

"Wakucheke ukiwa hai," Bi Ardith alisema, machozi yakimtiririka.

"Kessel kaokolewa na bibi yake!" rafiki mmoja alidakia.

"Wewe nyamaza," mwenzake akamjibu. "Bibi yako angekusukuma mwenyewe kwa fahali, apumzike."

Walicheka. Wade alimnyanyua bibi yake taratibu, akamtoa nje hadi garini, huku bibi akimwomba radhi kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyevunja chombo cha watu.

Jolene alibaki na kofia mkononi. Aliipeleka nyuma ya mlango, kwenye msumari ambapo kofia ya mzee Kessel, mkwewe Bi Ardith, hutundikwa siku zote.

Kofia ya mzee Kessel ilikuwa palepale msumarini, na vumbi lake.

Alisikia hatua, akageuka. Wade alikuwa amerudi, safari hii peke yake. Alitazama nyuma kwanza, kisha akanyoosha mkono.

"Nimefuata kofia yangu," alisema polepole.