Wa Tano Hazikwi
Mwaka 1992, baada ya hitima ya mwenzao aliyekufa kwa Ukimwi, mashoga wa mtaa wa Mabawa walikaa uani wakikanda maandazi. Asmahani, aliyejichagulia jina hilo akaliacha la kiume, akaweka mkekani boksi la kondomu alilopewa na muuguzi.

"Tumezika wanne. Wa tano simziki!"

"Na bwana wangu akikataa, je?" mmoja akauliza.

"Mwambie Asmahani kakataza. Akibisha, mlete kwangu!"

Wakaangua kicheko, cha kwanza tangu msiba. Mkono wenye unga wa maandazi ukaingia boksini, kisha wa pili, kisha ikawa vuta nikuvute.

Alasiri Asmahani alisimama mbele ya muuguzi, kanga kiunoni, kichwa juu.

"Shikamoo mama. Lile limekwisha. Nipe mawili."