Taa ya Jiko Jipya

Dukani Kumasi, mke wa mwanangu, Afriyie, alishika taa bapa ya kubandikwa darini.

"Hii ndiyo ya jikoni, Mama. Mvua ikinyesha utatwangia ndani mihogo ya fufu, na mchi wako mrefu hautaigonga."

Nilikuwa nimechoka hata kubishana. "Kitendawili."

"Tega!"

"Kila siku apanda, ashuka, tangu niolewe, na bado hajafika."

"Mchi huo, Mama! Mbona rahisi?"

"Umekosa. Ni mkono huu." Nikauinua mkono wa kulia, ukaishia usawa wa bega, ukakataa kupanda zaidi.

Afriyie aliacha kucheka.

Kwa kidevu nikamwonyesha muuzaji taa ndefu ya kioo iliyoning'inia. "Nifungie ile."

"Lakini mchi utaivunja, Mama!"

"Mchi wa nani, mwanangu?"