Nani Atatangulia

"Kati ya wale wawili, nani atatangulia kufa?"

Sista Moreen aliacha kuandika. Miaka sita alikuwa muuguzi kwenye kituo cha kutwa cha wazee, mtaani Bugolobi, na hakuwahi kuulizwa swali hilo na mume wa mgonjwa.

Aliyeuliza ni Erinayo, polisi mstaafu wa miaka sabini na minne. Wale wawili walikuwa wamekaa kwenye kochi barazani: mkewe, Santina, na Augustin, Mkongomani aliyewahi kuuza vitenge mjini. Walikuwa wameshikana mikono, mchana kweupe.

"Afande, hayo ni ya Mungu."

"Ya Mungu nayajua. Nataka ya daktari."

Sista akashusha pumzi. Akamweleza kwamba ugonjwa wa kusahau una aina nyingi, na kila aina ina mwendo wake. Santina ana Alzaima. Wengi huishi miaka minane, hata kumi, tangu wagundulike. Augustin ana ule wa Lewy, unaomtetemesha na kumwonyesha watu wasiokuwepo. Huo mara nyingi hauzidi mitano, au saba.

"Lakini huo ni wastani tu, afande. Wako wanaopitiliza, wako wasiofika."

Erinayo hakusikia habari za wastani. Alisikia mitano na kumi. Santina aligundulika mwaka juzi. Augustin yuko mwaka wa nne. Alipiga hesabu hiyo njia nzima hadi nyumbani, na chakula, ambacho kwa miezi kilikuwa hakimpiti kooni, kikampita.

Kila Jumamosi alikuja akakaa kwenye benchi karibu na geti. Hakusogea zaidi. Siku moja aliwahi kumwendea mkewe, naye akamsalimu kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mgeni wa jirani, kisha akamgeukia Augustin. Erinayo akaapa kutorudia.

Pale kwenye benchi aliona yote. Alimwona Santina akimpa Augustin chai ya tangawizi isiyo na sukari, Augustin akikunja uso na kuinywa. Alimwona akimpangusa mabega kwa kiganja na kumnyooshea kola, kama anamwandaa kwenda gwarideni, mtu ambaye maishani mwake hajawahi kuvaa sare. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na yote aliyokuwa akifanyiwa yeye sasa anafanyiwa muuza vitenge.

"Sogea ukae nao, afande," Sista Moreen alimwambia. "Usikie wanayoongea."

"Ninayoyaona yananitosha."

Augustin hakuifikisha hata hiyo mitano. Nimonia ilimchukua mwezi wa Machi, kwa siku nne tu. Erinayo alipopata habari aliona aibu, maana moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyopaswa kuwa. Jumamosi alinyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, akaipita benchi bila kuitazama. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kochi, akakaa mahali pa Augustin.

Santina alikuwa analia bila sauti. Erinayo akamshika mkono. Safari hii Santina hakugeuka pembeni.

"Pole," alimwambia.

"Asante."

Erinayo alitaka kusikia kwa masikio yake, kutoka mdomoni mwake: kwamba ni rafiki tu, mgonjwa mwenzake tu, na sasa yamekwisha.

"Umefiwa na nani?" akamuuliza.

Santina alimtazama usoni kwa upole, kama anamshukuru kwa kuuliza.

"Na mume wangu, mzee. Alikuwa polisi. Jina lake Erinayo. Ulimfahamu?"