Namba za Karani

Noti ya tatu ilikuja na unyevu.

Lenzi aliishika kwa ncha za vidole, akaielekeza dirishani. Alama ya maji ilikuwepo, uzi ulikuwepo, karatasi haikuwa na mkunjo hata mmoja. Ilikuwa mia ya zamani, iliyoondolewa kwenye mzunguko kabla mwuza mkate aliyeileta hajazaliwa. Rangi yake hufanana na ya elfu ya siku hizi, na mtu mwenye foleni mbele yake hatazami sana.

"Nimepigwa," mwuza mkate alisema. "Ina thamani yoyote?"

"Kwa hali hii inapita hiyo elfu uliyodhani umepokea. Nani alikupa?"

"Ningemjua ningekuwa hapa?"

Lenzi alimlipa, akamsubiri atoke, kisha akafungua orodha ya namba za noti zilizoibwa, aliyorithi kwa marehemu baba yake pamoja na kibanda cha kununua fedha za zamani na lile jina la Lenzi. Namba ilikuwemo. Ilifuata ya wiki iliyopita, nayo ile ilifuata ya wiki iliyotangulia.

Kila mzee wa mji aliijua habari ya orodha ile. Miaka thelathini na minne nyuma, karani wa kiwanda cha sabuni alichukua mishahara benki, noti mpya zenye namba za kufuatana, na hakuonekana tena. Wakasema kakimbia na mwanamke. Mkewe akabaki na watoto watatu na jina la mke wa mwizi. Kiwanda kikafa, kesi ikafa, maneno hayakufa.

Sasa huyo mke ndiye aliyekuwa akizinunua. Lenzi alimwita kwa huruma noti ya kwanza ilipotokea, na tangu hapo Bibi hakukubali nyingine imponyoke.

Alifika alasiri, akakaa mgongo ukiwa ukutani. Alikuwa amekonda. Mwaka jana wanawe waliiuza nyumba yake kwa nguvu, wakisema ngazi zitamwua, wakamhamishia kwa binti yake. Aling'ang'ania geti mpaka wakambandua vidole.

Aliitazama noti bila kuigusa.

"Nimeanza kumsikia, mwanangu," alisema. "Anakohoa nyuma ya mlango. Nikifungua, hakuna mtu."

 Lenzi mwenyewe siku hizo alikuwa hawezi kumwona mzee akilipa dukani bila kumtazama mikono.

"Bibi, fedha hazitembei zenyewe. Mzee yuko hai, na yuko karibu."

"Usiseme hivyo."

"Ni haki yako kujua."

"Nimekuomba jambo moja tu. Zikija, nipe mimi. Usimwambie mtu. Nimechoka kusemwa."

Akalipa bei kamili. Lenzi alipojaribu kumpunguzia, alizisukuma zile chenji zikarudi mezani.

Lakini Lenzi hakutulia. Siku mbili baadaye alimwona mzee mwenye koti la kizamani akitoka duka la dawa, akamfuata mitaa miwili. Mzee akageuka. Kumbe ni mwalimu wake wa darasa la nne, naye akamuuliza kama bado anaandika vibaya. Lenzi alicheka, ila njia nzima ya kurudi alihisi kuna mtu anamfuata na yeye, hatua kwa hatua, akisimama kila aliposimama.

Ijumaa fundi bomba akaingia kibandani, akaweka noti sita mezani, zote zimelowa.

"Mwenye duka amezikataa, kaka. Wengine walizipokea," alisema. "Nimeambiwa wewe unazinunua. Usiniulize sana."

"Nakuuliza moja tu. Umezitoa wapi?"

Fundi alikuna shingo. Mwishowe alisema. Alipewa kazi ya kuchimba shimo la maji taka, mtaa wa juu, uani kwenye nyumba yenye geti la kijani. Kachimba wiki ya nne sasa, peke yake, mawe matupu. Siku za mwanzo tu alikuta mkoba wa ngozi, noti zimefungwa kwa nailoni.

Lenzi aliijua nyumba ile. Alifunga kibanda mchana kweupe, akaenda karibu kukimbia.

Alimkuta Bibi peke yake sebuleni kwa binti yake, akikunja nguo za wajukuu. Hakungoja hata kukaribishwa.

"Bibi, walimsingizia," alisema. "Mzee hakukimbia na zile fedha. Alizifukia uani kwako, chini ya miguu yako miaka yote hii. Fundi anayechimba shimo la choo amekuta mkoba wake. Sijui nini kilimpata baadaye, lakini fedha aliwaachia ninyi. Sasa watu wafunge midomo."

Bibi aliacha kukunja. Aliinamia shati lililokuwa mapajani. Lenzi alidhani analia, akainamisha macho kumpa heshima yake.

"Hilo shimo," Bibi alisema, "wamefika kina gani?"

"Fundi anasema akisimama ndani linamfika kiunoni. Jumatatu anaendelea."

Bibi alishusha pumzi, akachukua shati jingine, akalinyoosha mikono.

"Basi bado hajamfikia."