Golikipa

Sikudhani alizaliwa na mtindio wa ubongo, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umejikunja kifuani tangu utotoni. Mazoezi ya kuunyoosha yalikuwa yakimliza, mpaka chumba cha mazoezi kilipoletewa mchezo wa mpira wa kwenye runinga. Humo yeye alikuwa golikipa: akinyoosha mkono, golikipa wa kwenye kioo naye hunyoosha.

“Leo utacheza na baba,” alisema Bi Mgeni, mtaalamu wa mazoezi, akimkabidhi Mzee Shomvi rimoti ya kupigia penalti.

Mzee Shomvi akapiga taratibu, katikati, mpira ukamfikia golikipa kifuani. Akapiga mwingine vilevile.

Sikudhani akageuza kiti chake cha magurudumu. Maneno yalimtoka kwa tabu, lakini baba yake aliyaelewa yote.

“Baba, unanihurumia. Piga kweli.”

Mzee akainua rimoti. Akalenga juu, upande wa kushoto wa golikipa, akaachia kombora. Bao. Likamuuma baba kuliko kama angefungwa yeye.

“Tena,” akasema binti.

Bao jingine.

“Tena, baba.”

Safari hii bega lilitetemeka, kiwiko kikakunjuka, na vidole vikaachana kana kwamba vilikuwa vikingoja kuambiwa. Mpira ukagonga glovu ya golikipa kwenye kioo, ukatoka nje.

Mzee Shomvi alisimama na rimoti mkononi, ameisahau, akimtazama mwanawe. Mkono wa kushoto ulikuwa bado juu, umenyooka, na Sikudhani amekaza macho kwenye kioo akisubiri penalti nyingine.