Kanga Isiyo na Jina

Kanga za sare zilisubiri jina, yale maneno ya kwenye kisanduku cha chini, na sebule ya Bi Tatu ilifurika watunzi. Harusi ya bintiye Rukia ilikaribia, mchapaji alishachoka kusubiri mlangoni, na kila shangazi alikuwa na mtu wake wa kumchoma.

"Andika: Mliosema haolewi, njooni mle pilau!" wifi yake alisema.

"Hiyo haina makali, shoga," mwingine akadakia. "Weka: Kaolewa na mwana, mama tulia kwako!"

Wakagonga mikono kwa kicheko.

"Jamani, mwanangu ataishi nyumba moja na huyo mama mkwe!" Bi Tatu akalalama. "Nipeni neno la heri tu."

"La heri halina utamu," wakamjibu, wakaendelea kugombana.

Bi Tatu hasira zikampanda. "Baba, chapa hivyo hivyo," akamwambia mchapaji. "Neno usiweke hata moja."

Siku ya harusi, mama mkwe alivuta pindo la kanga ya Rukia, akapitisha kidole kwenye kisanduku kitupu, akarudia tena, polepole.

"Bi Tatu," akauliza, kidole kingali pale peupe, "hapa mmenisema nini?"